Gia Ikipwaya, Usikimbilie Kushusha Giaboksi

Toyota Hilux za kizazi cha tano, zile zilizotengenezwa kati ya 1988 na 1997, bado ziko kazini kila kona ya Afrika Mashariki. Zinabeba mchanga, magunia ya mkaa, mabati, mbuzi wa mnadani, na jioni zinawarudisha watu nyumbani wamesimama nyuma wakishikilia bomba. Injini zake za dizeli, 2L ya sentimita za ujazo 2,446 na 3L ya 2,779, zinajulikana kwa uvumilivu. Lakini ingia ndani ya nyingi kati ya hizo, ushike mkono wa gia, uusukume kulia na kushoto gari likiwa limezimwa. Utayumba mkononi mwako kama jino lililolegea. Dereva mwenyeji ameshauzoea: anajua gia ya pili iko karibu na goti la abiria, ya nne anaivuta mpaka chini ya kiti. Mgeni akipewa usukani, anaondoka na gia ya tatu akidhani ni ya kwanza.

Mwenye gari akilalamika gereji, jibu linalokuja haraka ni kwamba giaboksi imekwisha. Anaambiwa atafute nyingine ya mtumba. Nimeandika makala haya kwa sababu jibu hilo mara nyingi si la kweli, na linawagharimu watu fedha ambazo gari lenyewe limechukua miezi kuzitafuta. Kwenye pikapu ambayo mkono wake wa gia umesimama moja kwa moja juu ya giaboksi, kitu cha kwanza kulika ni vipande viwili vya plastiki, yaani bushi, vilivyo kwenye mguu wa mkono huo. Vyote viwili vinaenea kwenye kiganja cha mtoto. Vinabadilishwa ukiwa umekaa ndani ya kabini, bila kulala chini ya gari, bila kugusa klachi wala shafti.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Giaboksi ya mtumba ikifungwa, fundi mara nyingi anachomoa mkono wa gia kwenye giaboksi ya zamani na kuuchomeka kwenye ile mpya, kwa sababu ya mtumba imekuja bila mkono. Bushi iliyokwisha inahamia pamoja nao. Gari linatoka gereji, gia bado inapwaya, na mwenye gari anaambiwa kwamba hata hii ya pili ilikuwa mbovu.

Tuangalie kinachofanyika pale chini. Mkono wa gia si kitu kimoja kilichonyooka. Karibu na mwisho wake kuna tufe la chuma, na tufe hilo limekaa kwenye kikalio cha plastiki ndani ya nyumba ya chuma iliyofungwa kwa bolti juu ya giaboksi. Hapo ndipo mkono unapogeukia. Ncha ya chini kabisa, iliyo chini ya tufe, imevalishwa kofia ndogo ya nailoni, na kofia hiyo ndiyo inayoingia kwenye kikombe cha chuma kinachochagua na kusukuma gia. Ukisukuma kichwa cha gia mbele, ncha ya chini inarudi nyuma. Kwa kuwa sehemu ya juu ni ndefu kuliko ya chini, kila ulegevu unakuzwa. Kama upande wa juu una urefu mara sita ya ule wa chini, nafasi ya milimita 1 kwenye kofia ya nailoni inakuwa milimita 6 mkononi mwako. Kikalio nacho kikilika, tufe linaanza kupanda na kushuka, na mkono unakosa mahali pa kuegemea. Hapo ndipo unapoanza kusikia ule mlio wa zii kila gari likifika mwendo fulani, mlio unaonyamaza ukishika kichwa cha gia.

Kabla ya kwenda dukani, hakikisha ugonjwa wako ndio huu, kwa sababu kuna mengine mawili yanayofanana nao.

La kwanza ni gia kusaga. Washa injini, iache ingurume taratibu, kanyaga klachi hadi mwisho, subiri kidogo, halafu weka rivasi. Ikilia krrr, tatizo liko kwenye klachi isiyoachia vizuri: huenda mafuta ya klachi yamepungua, au silinda ya juu au ya chini inapitisha. Kama rivasi inaingia kimya lakini gia ya pili au ya tatu inasaga ukiwa kwenye mwendo, zitazame ringi za shaba zilizo ndani ya giaboksi, zile zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Bushi mpya haitaponya hata mojawapo ya hayo.

La pili ni gia kuruka, yaani unaweka ya tano, unaachia eksileta kwenye mteremko, na mkono unarudi nyutro wenyewe. Hili linaweza kuwa uma wa ndani uliolika, springi na gololi za kufungia gia zilizochoka, au beringi zilizopata nafasi. Lakini linaweza pia kuwa raba iliyochanika ya kushikilia giaboksi, na hii inapimika bure. Mwambie mtu akae kwenye usukani, gari likiwa limesimama mahali wazi, hendibreki imevutwa na mtu yeyote asiwe mbele. Aweke gia ya kwanza, aachie klachi kidogo tu mpaka injini ianze kubeba mzigo, halafu aikanyage tena. Wewe tazama mkono wa gia kutoka dirishani. Ukiruka mbele na nyuma kwa kishindo, chungulia mauntini za injini na ya giaboksi kabla ya kitu kingine chochote.

Lakini kama gari linakubali gia zote bila kelele, gia inakaa ikishaingia, na shida yako ni kwamba mkono unazurura ovyo, unalia, na njia ya kwenda kwenye gia haieleweki, basi uko mahali sahihi.

Spea unazohitaji ni kikalio cha tufe, kofia ya nailoni ya nchani, na raba ya kufunika shimo la gia kama yako imepasuka. Kwenye 4WD, uliza pia kikalio cha mkono mdogo wa pili. Ukienda Gerezani Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi au Kisekka Kampala, usiende mikono mitupu. Andika namba kamili iliyo kwenye bamba la chuma ndani ya chumba cha injini, ile inayoanza na LN85, LN106 au nyingine, pamoja na namba ya chasisi. Chukua vile vya zamani pia kama umeshavitoa, lakini vitumie kuonyesha umbo tu. Muuza duka akipima kipya kwa kukilinganisha na cha zamani mpaka vilingane, atakupa kidogo kuliko kinachotakiwa, maana cha zamani kimeshapungua. Ukiweza kupata cha kiwandani, lipa tofauti ya bei bila kusita. Kwenye kitu kidogo hivi, ubora huonekana kwa kucha: nailoni nzuri ni ngumu lakini inapinda kidogo bila kukatika, ukingo wake umekatwa safi, na tundu lake halina ndimi za plastiki iliyobaki kwenye kalibu.

Sasa kazi yenyewe. Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki, weka mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma ya tairi, zima injini, weka nyutro. Fanya hivyo injini ikiwa imepoa, kwa sababu utaegemea juu ya chuma kilicho karibu na moto. Fungua kichwa cha gia kwa kukizungusha kushoto. Toa kapeti, kisha fungua nati au skrubu zinazokandamiza raba ya nje kwenye sakafu, uivute juu. Chini yake kwa kawaida kuna raba nyingine iliyoshika shingo ya nyumba ya gia.

Simama hapo. Usifungue kitu kingine mpaka umesafisha. Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Baada ya miaka ya barabara za vumbi, eneo lile lina tabaka la udongo mwekundu uliochanganyika na grisi, mchanga, punje za mahindi, hata sarafu. Ukiinua mkono wa gia, chini yake ni shimo linaloingia moja kwa moja kwenye giaboksi. Mchanga utakaodondoka humo utakaa kwenye oili, utapita kati ya meno ya gia na ndani ya beringi, na giaboksi uliyokuwa unaikinga utakuwa umeiua kwa mkono wako. Tumia brashi ndogo na kitambaa kilicholowanishwa mafuta ya taa kidogo tu, yasitiririke. Futa, tupa kitambaa, chukua kingine, mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Kama kuna kompresa, puliza kabla ya kufungua, kamwe si baada ya kufungua.

Kwenye Hilux nyingi za umri huu, mkono wa gia umeshikwa na kifuniko cha chuma chenye springi chini yake. Funika kifuniko hicho kwa kitambaa ili kisikukate vidole, kikandamize chini kwa nguvu zote za viganja viwili, halafu kizungushe kushoto. Kitajifungua kutoka kwenye vishikizo vyake na springi itakisukuma juu. Kama kimeganda, usikipige nyundo. Kidondoshee mafuta kidogo pembeni, subiri, ukandamize tena. Mara nyingi kinachokosekana ni kukandamiza kwa kina cha kutosha kabla ya kuzungusha. Kikishaachia, vuta mkono wa gia juu ukiwa umenyooka. Ziba shimo papo hapo kwa kitambaa kikubwa kisafi, ambacho hakiwezi kuzama chote ndani. Ule mkono mdogo wa 4WD umefungwa tofauti: una klipu ya duara inayotolewa kwa koleo, na klipu hiyo hupenda kuruka, kwa hiyo iwekee kidole.

Kitazame ulichokitoa, ukiwa kwenye mwanga. Kofia ya nailoni iliyo nzima ni nyeupe au ya rangi ya maziwa, mviringo, na inaikumbatia ncha ya chuma bila kucheza. Iliyokwisha utaikuta imekuwa ya kahawia, imepasuka upande mmoja, au imekonda mpaka unaona chuma. Mara nyingine haipo kabisa. Ikiwa haipo au imemeguka, vipande viko chini. Sumaku haivuti plastiki. Paka grisi nzito kwenye ncha ya kijiti kirefu, vimulike kwa tochi, uviguse kimoja kimoja vinate. Usipovipata vyote, mwaga oili ya giaboksi uvitafute humo.

Kikalio cha tufe kinabaki ndani ya nyumba. Kitoe taratibu kwa bisibisi ndogo bapa, ukikumbuka kilivyokaa na masikio yake yanaelekea wapi. Futa nyumba, kisha pitisha kidole. Ukuta wa chuma unatakiwa uwe laini. Ukihisi mfereji, kikalio kipya kitasaidia lakini hakitadumu sana. Tazama pia kipini kinachoingia kwenye mfereji wa tufe. Kazi yake ni kuzuia mkono usijizungushe. Kikiwa kimelika upande mmoja, utaendelea kusikia ulegevu wa kujizungusha hata baada ya plastiki mpya.

Kofia mpya ya nailoni inaweza kukataa kuingia. Ichovye kwenye maji ya moto dakika chache, ifute haraka, uisukume kwa kidole gumba mpaka isikike ikikaa. Usiisukume kwa nyundo na usiipitishe kwenye moto. Paka grisi ya kawaida ya beringi, nyembamba, kwenye kofia, kwenye kikalio pande zote mbili na juu ya tufe. Rudisha kikalio, ingiza mkono huku mfereji wa tufe ukiwa sambamba na kipini, na ncha ikiwa imeingia ndani ya kikombe chake. Utahisi ikishuka hatua ya mwisho. Rudisha springi na kifuniko, kandamiza, zungusha kulia mpaka kishike. Kivute juu kuhakikisha. Kabla ya kurudisha raba, injini ikiwa bado imezimwa, pitia gia zote moja moja, na rivasi pia. Kisha kanyaga klachi, washa, urudie.

Ukiwa na bahati, utashangaa. Mkono uliokuwa unatembea upana wa kiganja sasa unasogea vidole viwili, na gia inaingia kwa mlio mfupi, mkavu.

Ikiwa ulegevu umepungua lakini haujaisha, kuna mahali pengine pa kutazama kabla ya kukata tamaa. Bolti za ile nyumba juu ya giaboksi hulegea. Zikaze kwa msalaba, kwa kiasi, kwa kuwa zimeingia kwenye aluminiamu na nyuzi zake huvunjika kirahisi. Ubavuni mwa nyumba hiyohiyo, kulia na kushoto, kuna pini mbili zenye springi. Hizi ndizo zinazourudisha mkono katikati, kwenye mstari wa gia ya tatu na ya nne, ukiwa nyutro. Springi ikichoka au kuvunjika, mkono hulala upande mmoja na dereva huikosa tatu akapata ya tano au ya kwanza. Ukizifungua, toa ya upande mmoja kwanza, iweke alama, ndipo uende ya pili. Hazifanani, na zikibadilishana nafasi, gia itakuwa na uzito wa ajabu upande usiostahili.

Niseme juu ya dawa za mtaani, maana zote zina nia njema. Kuna wanaofunga ncha kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Gia inakaza siku chache, halafu raba inavimba kwa oili, inachanika na kuanguka ndani. Kuna wanaojaza chuma kwa kuchomelea tufe lililolika kisha kulisaga kwa grainda. Hili silikubali hata kidogo. Tufe la mkono haliwezi kurudi kuwa tufe kwa macho na grainda. Linakuwa na pembe, na pembe hizo zinakula kikalio kipya kwa muda mfupi. Kuna wanaokereza bushi ya shaba. Inadumu, ndiyo, lakini inapitisha kila mtetemo wa injini hadi mkononi na kukwangua kikombe cha chuma ambacho kipo ndani na ni kazi kubwa kukipata. Nayaheshimu mazingira ya mtu aliye mbali na mji, ambaye spea itamfikia kwa basi baada ya wiki. Kwake, fundi kerezo mwenye fimbo halisi ya nailoni ndiye suluhisho zuri, mradi apime ncha ya chuma na kikombe chenyewe, asipime kofia iliyokufa.

Kwa pikapu ambazo injini iko chini ya viti, kama Kirikuu, hadithi ni nyingine. Mkono wa gia hauko juu ya giaboksi. Unaivuta kwa kebo mbili. Huko, kagua vichwa vya kebo pande zote mbili, bushi zake za plastiki, na vishikizo vinavyozuia ganda la kebo lisitembee. Peugeot 504 zilizokuwa na gia kwenye nguzo ya usukani zinatumia fimbo na viungo, na kila kiungo kina bushi yake. Ulegevu mdogo wa kila kimoja unajumlishwa na wenzake, kwa hiyo badilisha vyote kwa mpigo mmoja.

Turudi kwenye Hilux. Ukishafungua mkono wa gia, ni wakati mzuri wa kukagua oili ya giaboksi, na hapa kuna kanuni moja ya kushika: fungua tundu la kujazia kabla ya lile la kumwagia. Plagi za Toyota hizi hufunguliwa kwa spana namba 24. Ya kujazia, iliyo ubavuni, ikiwa imeganda na wewe umeshamwaga oili yote, gari haliendi popote. Oili ya kutosha inafika kwenye mdomo wa tundu la ubavuni gari likiwa tambarare. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na njia mojawapo ni ile raba iliyopasuka juu kwa wale wanaovuka mito wakati wa masika. Ikitoka na unga laini wa shaba kidogo, ni uchakavu wa kawaida. Ikitoka na vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole, hapo ndipo mazungumzo ya kushusha giaboksi yanapoanza kuwa na msingi. Aina ya oili ifuate kitabu cha gari, wala si kopo lililo karibu. Baadhi ya oili za diferensho zina viungo vikali kwa shaba ya zile ringi.

Mwisho, mkono wa dereva. Wengi huendesha huku kiganja kimelala juu ya kichwa cha gia safari nzima. Uzito ule mdogo unaisukuma kofia ya nailoni na uma wa ndani dhidi ya gia inayozunguka, saa baada ya saa. Badilisha gia, rudisha mkono kwenye usukani. Na kwenye kabini ya viti vitatu, yule abiria wa katikati, ambaye goti lake linausukuma mkono wa gia kila gari likipiga kona, mwombe akae upande akielekeza miguu kwa mwenzake wa dirishani. Kama ni safari ndefu na mzigo si mkubwa, bora nafasi ile ibaki ya mkoba.

Raba ya kufunika shimo usiirudishe ikiwa imechanika, hata ukiona tundu ni dogo kama la msumari. Vumbi lililoila bushi ya kwanza lilipita hapohapo. Kila unapobadilisha oili ya injini, inua raba hiyo, futa, tia grisi kidogo juu ya tufe, uifunge.